Kitone Kilichobaki Cheusi

Mtu akikaa kazini miaka mingi, watu huliacha jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita kwa neno asilochoka kulisema. Mtunza maabara wa shule ile ya sekondari aliitwa Mzee Ulichokiona. Sababu ilikuwa moja tu. Kila mwanafunzi aliyebabaika na mrija wa kioo mkononi, akageuka kumuuliza, "Mzee, hapa niandike nini?" alipata jibu lile lile: "Andika ulichokiona." Na kama mwanafunzi angeng'ang'ania kwamba kitabu kinasema vingine, mzee angemjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye karo la kuoshea vioo, "Kitabu hakikuwepo hapa asubuhi hii. Wewe ulikuwepo."

Hakuwa mwalimu. Alikuwa na cheti cha ufundi wa maabara, na kazi yake ilikuwa kuosha mirija, kukausha vioo kwenye tanuri dogo la umeme, kuchanganya dawa kabla ya somo na kumwaga machafu baada ya somo. Koti lake lilikuwa jeupe zamani. Sasa lilikuwa na madoa ya iodini mfukoni na tundu la asidi kwenye mkono wa kushoto, na alikataa kulibadilisha. Alisema kila doa humkumbusha uzembe wa mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ni yeye mwenyewe. Kwenye mlango wa friji ya maabara alikuwa amebandika karatasi yenye maneno matatu: HAPA SI JIKONI. Mwalimu mmoja aliwahi kuweka humo nyama yake asubuhi; mchana aliikuta juu ya meza ya walimu, imeshakaribisha nzi. Mtu wa namna hiyo huheshimiwa, lakini haitwi kwenye soga.

Alikaa na mkewe katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maabara. Mlango wa jikoni ulitazamana na dirisha la maabara, kiasi kwamba mkewe alipotaka aje kunywa chai hakuwa na haja ya kuita. Aligonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, naye akaja akinuka spiriti. Watoto wao wakubwa walikuwa wameshaondoka. Aliyebaki alikuwa kitinda mimba wao, msichana, na huyu ndiye aliyerithi macho ya baba yake, macho yasiyoridhika na kusimuliwa.

Alianza kumfundisha mapema, angali mdogo wa kukalishwa juu ya meza ya jikoni, miguu ikining'inia.

"Tafuna, usimeze," alimwambia siku moja, akimpa kipande cha mkate mkavu.

Mtoto akatafuna, mashavu yamevimba.

"Usimeze bado."

"Mtoto utamtafunisha mpaka meno yaishe," mama yake akasema kutoka jikoni. "Na mkate wenyewe wa juzi."

"Mke wangu, subiri kidogo. Haya, mwanangu, sema. Ladha ikoje?"

"Umekuwa mtamu."

"Nani ametia sukari?"

Mtoto akamgeukia mama yake. Mama akainua mikono yote miwili. "Usinitazame mimi. Sukari yenyewe iko wapi humu ndani?"

Basi akamweleza. Wanga ulio kwenye mkate ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi mrefu. Kila ushanga ni sukari, lakini zikiwa zimetungwa hivyo ulimi hauonji utamu. Katika mate kuna kitu kinachoitwa kimeng'enya, nacho kazi yake ni kuukata uzi huo. Kila kiumbe, tangu mtu mpaka uyoga, kinaishi kwa vitu vya namna hiyo. Bila hivyo chakula kingekaa tumboni kama mchanga kwenye gunia.

"Kimeng'enya ni kama mshenga," alisema. "Anakwenda kwa wazee wa huku, anakwenda kwa wazee wa kule, na jambo ambalo lingechukua miaka linakwisha kwa siku chache. Lakini yeye harudi na mke. Anarudi vile vile alivyokwenda, kesho anaitwa kwingine."

"Halafu wanamlipa?" mtoto akauliza.

"Huyu halipwi."

"Basi ni baba yako huyo," mama akasema, na mzee mwenyewe akacheka, jambo lililokuwa nadra.

Mtoto hakucheka. Alikuwa bado anautafuna mkate kwa ncha ya meno, anafikiri. "Na mshenga anakufa?"

"Moto ukizidi, anakufa. Chukua ufunguo, uchome mpaka upinde. Chuma ni kile kile, uzito ni ule ule, ukiutia mfukoni hutajua tofauti. Lakini mlangoni haufungui."

Maneno hayo aliyasema yeye, kwa kinywa chake, jikoni kwake. Yanafaa kukumbukwa.

Msichana akakua. Alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari alikuwa na jambo moja tu kichwani: kwenda chuo cha afya kusomea vipimo vya hospitali, awe mtu anayekaa nyuma ya kile kidirisha na kusema kama damu ina ugonjwa au haina. Chuo hicho kilikuwa hakichukui mtu aliyepepesuka kwenye baiolojia, na mtihani wa vitendo ndio uliokuwa unainua au kushusha alama. Nyumbani halikuzungumzwa lingine. Mama yake alimpunguzia kazi za jikoni. Baba yake alimrudishia neno lake la siku zote, naye alilipokea kama watoto wengine wanavyopokea dua.

"Na nikiona kitu ambacho si cha kitabuni?" aliuliza mara moja.

"Dawa nitaandaa mimi," baba yake alimjibu. "Mimi nikiandaa, utakachokiona ndicho. Kiandike."

Siku ya kuamkia mtihani wa vitendo, wajumbe wa bodi walikuja kutembelea shule. Friji ya ofisini ilikuwa imekufa wiki hiyo hiyo. Karibu na saa sita, Mkuu wa shule alikuja mwenyewe maabara, suti imebanwa kifungo, na nyuma yake wajumbe wawili waliokuwa wakizungushwa kuona majengo. Mzee alikuwa akipanga vioo vya kesho. Tanuri lilikuwa linanguruma pembeni, limejaa mirija inayokauka.

"Huyu hapa," Mkuu aliwaambia wageni, akimwekea mzee mkono begani, "ndiye uti wa mgongo wa shule hii. Mimi napita, huyu anabaki. Kaka yangu kabisa." Kisha akainama kidogo. "Kaka, niazime friji yako. Soda za wageni tu. Zipate ubaridi, basi, tunaondoa."

Mzee alitazama karatasi yake mlangoni. Wageni nao wakaitazama, mmoja akatabasamu.

Katika miaka yote ile, Mkuu hakuwahi kumwita kaka. Alikuwa akimwita "mzee" kama kila mtu, na siku nyingine hakumwita chochote, alimwonyesha kidole tu kitu cha kuondolewa. Watu wengi hawaangushwi na fedha. Huangushwa na kuitwa ndugu mbele ya watu wenye suti.

"Hakuna shida, Mkuu," akasema.

Akaanza kupakua friji. Alitoa maboksi, akatoa sahani za vimelea walivyootesha wanafunzi wa kidato cha chini, akatoa chupa ndogo ya kahawia yenye kimeng'enya cha mtihani, kile kitakachokata wanga kesho mbele ya darasa zima. Meza zote zilikuwa zimejaa vioo. Mikono ilikuwa imejaa. Akaiweka ile chupa juu ya tanuri, kwa muda tu, apate pa kuegesha maboksi. Wapishi wakaingia na kreti. Mkuu akaita kutoka nje, "Kaka, njoo basi, wageni wanataka kukusikia." Akavua koti lake lenye madoa, akaenda.

Alikalishwa meza moja na wajumbe. Wakamuuliza ana miaka mingapi kazini, akawaambia. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Akala vizuri. Aliporudi maabara, jua lilikuwa limeshaegemea upande wa pili, soda zilishaondolewa, na chupa ya kahawia ilikuwa bado juu ya tanuri. Alipoishika, ilikuwa na joto la glasi ya chai iliyomiminwa sasa hivi.

Alisimama nayo. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Maji yake yalikuwa maangavu kama jana. Akafungua kizibo, akanusa: hakukuwa na harufu mpya. Kimeng'enya kilichokufa hakinuki kama samaki. Hakibadiliki rangi wala hakitoi povu. Hukaa chupani kwa adabu, kama mtumishi aliyeacha kazi lakini bado anakuja ofisini.

Sasa, palikuwa na njia ya kujua, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine njia hiyo. Uji mwepesi wa wanga ulikuwepo, iodini ilikuwepo, kigae cheupe kilikuwepo. Kitone kimoja kingemwambia. Kama kimekufa, shule ya jirani ilikuwa na chupa yake ya akiba, na mtunza maabara wa kule alikuwa akisalimiana naye. Lakini kuomba chupa kungehitaji maelezo, na maelezo yangefika kwenye soda, na soda zingefika kwa Mkuu aliyemwita kaka. Jirani naye angecheka kwamba Mzee Ulichokiona amegeuza friji ya maabara kuwa jokofu la vinywaji. Nyumbani mkewe alikuwa tayari anagonga kifuniko cha sufuria.

Aliirudisha chupa kwenye friji, akafunga mlango. Hivi vitu ni vigumu, alijiambia. Haviharibiki kirahisi. Alijiambia hivyo mtu ambaye miaka yote hiyo hakumruhusu mtoto wa watu kuandika jambo asiloliona. Anayeliogopa jibu hulikwepa swali, na hapo hakuna tofauti ya msomi na mjinga.

Asubuhi, msimamizi wa mtihani, mama mmoja mwenye miwani kutoka shule nyingine, alisoma masharti akiwa amesimama ubaoni. Sharti moja alilirudia polepole: "Mwenye tatizo la kifaa au dawa, awe mtahiniwa au mtunza maabara, aseme kabla karatasi hazijakusanywa. Zikishakusanywa, hakuna malalamiko yatakayosikilizwa." Kisha akamtazama mzee, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kupita na jagi la maji ya uvuguvugu. "Mzee, vyote vipo sawa?"

"Vipo," akasema.

Jaribio lilikuwa rahisi. Mrija wa kwanza: uji wa wanga na kimeng'enya. Mrija wa pili: uji ule ule na kimeng'enya kilichochemshwa. Yote miwili ikae kwenye maji ya uvuguvugu. Kila baada ya muda, mwanafunzi achukue kitone, akidondoshe kwenye iodini juu ya kigae. Palipo na wanga, iodini hugeuka nyeusi. Wanga ukishakatwakatwa, iodini hubaki na rangi yake ya kahawia. Mrija wa kwanza ulipaswa kuanza mweusi na kuishia kahawia. Wa pili ulipaswa kubaki mweusi mpaka mwisho. Kila mwanafunzi aliyefungua kitabu walau mara moja alilijua hilo.

Mzee alipita na jagi. Kigae cha kwanza, cheusi. Hiyo ni kawaida, ndio kwanza wameanza. Akazunguka tena. Cheusi. Alipozunguka mara ya tatu, vigae vyote vya chumba kile vilikuwa na mistari miwili ya vitone vyeusi, sawasawa kabisa, kama macho ya mijusi. Hakukuwa hata na kimoja kilichofifia.

Akasimama nyuma ya chumba. Aliwaona wanafunzi wakitazamana kwa pembe za macho. Aliona jirani wa meza wa binti yake, msichana mchangamfu aliyekuwa akija kwao kusoma, akikitazama kitone chake cheusi, kisha akiinamia karatasi na kuandika "kahawia". Jicho lilikuwa juu ya weusi na mkono ulikuwa unaandika kahawia. Mbele yake mwingine alifanya vivyo hivyo. Na mwingine. Ilikuwa kama upepo unaopita kwenye nyasi.

Binti yake hakuandika. Alisafisha kigae, akaanza upya na kile kidogo kilichobaki. Akasubiri. Akadondosha. Cheusi. Ndipo akageuza kichwa, akamtafuta baba yake.

Jambo lilikuwa kati yao wawili, na palikuwa na hatua chache tu mpaka kwenye meza ya yule mama mwenye miwani. Mdomo ulihitaji kusema, "Dawa imekufa." Maneno mawili. Mzee aliinamisha macho kwenye jagi, akalitikisa kidogo, kama mtu anayeangalia kama maji yametosha.

Msichana akaona baba yake ametulia. Akaamini basi kwamba dawa ni nzima, maana baba ndiye aliyeiandaa na baba yupo. Akageukia karatasi yake, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: mrija wa kwanza, mweusi, mrija wa pili, mweusi, hakuna badiliko lililoonekana.

Karatasi zikakusanywa.

Nyumbani mama yake alimwekea chakula, na msichana akakaa akikizungusha kwa kijiko.

"Baba, yangu yote ilibaki nyeusi. Nilirudia."

"Nilikuona."

"Wenzangu wanasema wameandika kahawia. Kila mtu. Wananicheka. Wanasema mimi ni binti wa Ulichokiona, nitaona mpaka nipofuke." Akajaribu kucheka. "Nimeandika nilichokiona. Si ndiyo?"

"Umefanya vizuri," baba yake akasema.

Mkewe, aliyekuwa akifuta meza, aliacha kufuta. Alimtazama mumewe muda mrefu kuliko jibu lile lilivyostahili, kisha akaendelea kufuta pale pale palipokwisha kuwa safi.

Kesho yake mzee alikwenda ofisini kwa Mkuu. Ni haki kulisema hilo, ingawa ni haki pia kusema kwamba alikwenda baada ya mlango wa malalamiko kufungwa. Alimweleza yote: chupa, tanuri, vitone. Mkuu alisikiliza akiwa anapanga kalamu zake.

"Walioandika weusi ni wangapi?"

"Sijui wote. Mmoja ni binti yangu."

"Basi ni mmoja."

"Mkuu, yule ndiye aliyesema kweli."

"Sikatai. Lakini nisikilize. Nikipeleka taarifa leo, kwanza wataniambia nimechelewa. Pili wataufuta mtihani wa shule nzima. Watoto wote hawa warudie kwa ajili ya mmoja? Tatu wataniuliza, friji ilikuwa na nini. Mimi nitawajibu soda. Na wewe watakuuliza, ulipima asubuhi? Utawajibu nini?"

Mzee akazitazama zile kalamu.

"Wanaosahihisha nao ni walimu, ni wazazi," Mkuu akasema kwa upole. "Wataelewa. Nenda kapumzike, mzee."

Alikuwa amerudi kuwa mzee. Ukaka ulikuwa wa siku moja, umekwisha na soda.

Waliosahihisha hawakuelewa. Wangeelewaje? Mbele yao palikuwa na karatasi nyingi zilizosema kahawia na moja iliyosema nyeusi. Matokeo yalipotoka, yule jirani wa meza alipata nafasi chuo cha afya; binti wa mzee alikosa. Alikuja kuaga, mkarimu kama kawaida yake, akamkumbatia mwenzake na kumwambia wataonana huko mwakani. Leo yeye ndiye anayekaa nyuma ya kidirisha, akiangalia damu za watu. Msomaji na afikirie mwenyewe.

Siku kadhaa msichana hakulia, jambo lililowatisha wazazi wake zaidi. Alikuwa akipekua madaftari yake ya baiolojia, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta kosa. Mwishowe alimfuata baba yake kibarazani.

"Nimefikiri labda nilichelewa kutia kimeng'enya. Au kigae kilikuwa na uchafu. Lakini nilikiosha. Baba, nilikosea wapi? Nisaidie nijue, nisirudie tena."

Mzee alikuwa na njia ya kutoka, na njia yenyewe ilikuwa pana. Angeweza kusema, labda ni kigae. Kwa ile heshima ndogo iliyombakia, hakusema hivyo.

"Hukukosea," akasema. "Dawa ilikuwa imekufa. Niliiacha juu ya tanuri."

Msichana akakaa kwenye ngazi.

"Ulijua lini?"

"Jioni yake nilishuku. Asubuhi niliona."

"Ulipokuwa umesimama nyuma na jagi."

"Ndiyo."

"Nilipokutazama."

"Ndiyo, mama."

Mzee alitegemea binti yake afoke. Alijitayarisha kwa hilo, pengine hata alilitamani, maana anayefokewa huhisi ameshalipa. Msichana alikaa tu, akikung'uta vumbi kwenye ukingo wa sketi yake. Baadaye akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, "Na ungeniambia, kama nisingeuliza?"

Kutoka ndani mama yake alisema, bila kujitokeza, "Mjibu mtoto."

Mzee aliinamisha macho, kama siku ile ya jagi. Baadhi ya maswali hayana jibu isipokuwa lile ambalo kila mtu kibarazani alikuwa analijua.

Msichana aliamua kurudia mtihani mwaka uliofuata, kama mtahiniwa wa kujitegemea, katika chumba kile kile. Mwaka mzima alikuwa mtoto mzuri. Alimwamkia baba yake kila asubuhi, alimfulia koti lake, alimpelekea chai dirishani mama alipokuwa na kazi. Kitu kimoja tu kilikuwa kimekoma: hakumuuliza tena swali lolote la sayansi. Mzee alijaribu mara moja, mezani, kumweleza kwa nini ini la ng'ombe hutoa povu likitiwa dawa ya vidonda, jambo ambalo zamani lingemfanya aache kula. "Ndiyo, Baba," alisema. "Limo kitabuni." Akaendelea kula.

Mzee naye alifanya kazi mwaka ule kama mtu anayelipa deni kwenye duka lililohama. Tanuri alilihamishia upande wa pili wa chumba. Wiki ya mtihani, karani wa ofisi alikuja kuomba nafasi ya maziwa kwenye friji, akafukuzwa kwa maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa. Mkuu alipopita na wageni, mzee alikuwa na kufuli kwenye mlango wa friji na ufunguo shingoni. Chupa mpya ya kimeng'enya aliipima ilipofika, akaipima jioni ya kuamkia mtihani, akaipima tena alfajiri, peke yake, akiinamia kigae: nyeusi, nyeusi, inafifia, kahawia. Ilikuwa nzima, kali, inakata wanga kama wembe. Alikaa akikitazama kile kitone cha kahawia kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu binti yake akiwa mdogo juu ya meza ya jikoni. Leo atakiona, alijisemea. Leo macho yake na kitabu vitasema jambo moja, na litakuwa kweli.

Msimamizi safari hii alikuwa bwana mmoja mkali, aliyetaka mtunza maabara akae nje mpaka aitwe. Mzee akakaa kwenye benchi la korido na jagi lake, akiisikia mirija ikigongana ndani.

Binti yake alikuwa wa kwanza kutoka. Alitoka mapema mno, kalamu imeshachomekwa mfukoni, uso umetulia. Hakuwa na dalili ya mtu aliyekuwa akisubiri rangi.

"Umemaliza?" baba yake akauliza, akisimama.

"Nimemaliza."

"Vipi?"

"Vizuri. Nafikiri nitapata."

Na alipata. Matokeo yalipotoka alikuwa na alama ya juu kabisa, na chuo kikamchukua. Mama yake alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mkuu alimtaja mbele ya wanafunzi wote kama mfano wa mtu asiyekata tamaa. Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Siku ile koridoni, mzee alikuwa na jambo moja tu la kuuliza, na alilisubiri kwa mwaka mzima.

"Na rangi? Ilibadilika?"

Msichana alifunga vizuri kifungo cha mkono wa shati lake.

"Sijui, Baba," akasema. "Niliandika majibu kwanza. Sikuangalia."

Akampita kwa adabu, akielekea nyumbani, ambako mama yake alikuwa ameshaanza kugonga kifuniko cha sufuria.